Karatasi Isiyo na Do

Mtu aliyekulia kwenye kwaya za Mbeya, Iringa au Njombe anapokwenda kusoma muziki chuoni, iwe ni Bagamoyo, Dar es Salaam au Makumira, huenda na mtaji mmoja mkubwa: anasoma solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Mpe wimbo wa sauti nne aliouona jana jioni kwa mara ya kwanza, atakuimbia besi bila kinanda na atakuonyesha alto wanateleza wapi. Kisha siku moja anawekewa mezani karatasi yenye mistari minene na myembamba iliyotawanyika kama njiti za kiberiti zilizomwagika, bila do, bila ufunguo, bila hata jina la ala. "Mwalimu, sasa hapa naanzia wapi?" Swali zuri kabisa. Kibaya ni jibu ambalo darasa hujipa lenyewe baada ya dakika tano: "Aa, kumbe ni kupiga unavyojisikia."

Sivyo. Karatasi ya namna hii inabana mambo fulani na kuyaachia mengine. Mwanafunzi wa muziki wa majaribio, ule ambao karatasi yake inaweza kuwa mchoro au maelekezo badala ya nota za kawaida, anapimwa kwa kujua lipi limebanwa, lipi limeachiwa, na yale yaliyoachiwa ameyaamuaje. Mtahini akikuuliza kwa nini ulipandisha sauti pale kwenye mstari mwembamba, "nilijisikia" haikupi alama hata moja, na ni haki yake kukunyima.

Ukiitazama vizuri, solfa yenyewe inafanya hivyohivyo. Juu ya karatasi kumeandikwa "Do ni G", lakini mwalimu wa kwaya akiona soprano wamechoka anashusha hadi F na wimbo unabaki ule ule. Urefu halisi wa sauti umeachiwa. Umbali kati ya sauti na sauti umebanwa. Mfumo huu aliueneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 akianzia kwenye kazi ya Sarah Glover, na wamisionari wakauleta hadi kwenye makabati ya kwaya zetu. Una jambo jingine ambalo wanaosoma nota za mistari mitano hawana: unachora muda kama nafasi. Kutoka nukta pacha au mstari uliosimama hadi alama ya namna hiyo inayofuata ni pigo moja, na jicho lililozoea hilo limeshapata nusu ya somo.

Ndiyo maana tunapenda kuanzia na mtunzi Morton Feldman, kazi yake ya cello (ala ya nyuzi ya upinde) peke yake iitwayo Projection 1, ya mwaka 1950. Ina safu tatu za visanduku: safu moja ni ya sauti za harmoniki, zile nyembamba zinazotoka uzi ukiguswa kidogo tu, nyingine ya kudonoa uzi kwa kidole, nyingine ya upinde. Ndani ya kila kisanduku alama ikikaa juu unapiga eneo la juu la ala, ikikaa katikati ni la kati, ikikaa chini ni la chini. Nota yenyewe unachagua wewe. Muda huchagui: kila kisanduku kina nafasi ya mapigo manne, na pigo ni takriban 72 kwa dakika, kwa hiyo kisanduku kizima ni sekunde 3 na kidogo. Wengi hapo ndipo wanapoanguka. Wanashangilia uhuru wa nota na kusahau kwamba mapigo yanahesabiwa kama kawaida.

Zoezi la kuanzia halihitaji cello. Chukua waimbaji sita, chora visanduku 24 kwenye ubao, weka alama za juu, kati na chini, piga makofi kwa 72. Mara ya kwanza mtasikia do-mi-so tupu. Sikio la kwaya linatafuta pa kukaa, na likiachiwa uchaguzi linakimbilia nyumbani. Kuhimiza watu "wawe huru" hakusaidii. Kinachosaidia ni kura: andika nota 12 kwenye vipande vya karatasi, weka kwenye kofia, kila mwimbaji achukue tatu, azikariri na kurudisha vipande kwa anayefuata: moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini, na asibadilishe kwa siku hiyo. Baada ya mara nne au tano sikio linazoea mgongano, na hapo kofia inaweza kurudi kichwani.

Rula kabla ya ala

Karatasi ya njiti za kiberiti tuliyoitaja ipo kweli. Ni December 1952 ya Earle Brown, Mmarekani: ukurasa mmoja wa mistari na mistatili iliyolala na iliyosimama, minene na myembamba. Unaweza kuusoma upande wowote ukiwa juu, na ala yoyote inaruhusiwa. Kwa kikundi cha watu wanne ni kazi ya mwezi mzima, ingawa kwa macho inaonekana ya dakika kumi.

Hatua ya kwanza ni rula. Tuseme mmekuza mchoro kwenye karatasi ya A3 hadi ukapata upana wa sentimita 36, na mmekubaliana mlalo ndio muda. Mkichagua dakika 3, kila sentimita ni sekunde 5. Mstari uliolala wa sentimita 4 ni sauti ya sekunde 20. Hapo mpiga filimbi aanze kujiuliza pumzi yake inatosha au atahitaji kuikata, na kama ataikata, aikate wapi ili isisikike kama mistari miwili. Mstari uliosimama ni kinyume: muda mfupi, eneo pana. Kwenye kinanda ni kiganja kizima. Kwenye filimbi, ambayo haitoi sauti mbili kwa wakati mmoja, lazima mkubaliane kwamba ni mteremko wa haraka kutoka juu hadi chini, au kinyume chake. Urefu wa karatasi ugawanyeni maeneo matano ya sauti, mepesi kukumbuka. Unene uwe ukubwa wa sauti.

Unene huo ndio unaoharibiwa stesheneri. Mashine yenye wino uliokaribia kuisha inafuta mistari myembamba kabisa na kuifanya minene iwe ya kijivu yenye mabaka. Kama unene ni ukubwa wa sauti, fundi wa fotokopi ameshawabadilishia muziki. Kibaya zaidi ni ile kompyuta inayopunguza ukurasa wenyewe ili uingie ndani ya kingo za printa. Mchoro wa sentimita 36 unatoka ukiwa na 34. Mwenye nakala hiyo akisoma sekunde 5 kwa sentimita anamaliza sekunde 10 kabla ya wenzake, na hakuna anayejua kwa nini. Pimeni kila nakala kwa rula hapohapo dirishani, kabla hamjalipa.

Kuhusu upande wa juu: kikundi kikisoma wote upande mmoja, mnapata watu wanne wanaofanya jambo lile lile kwa wakati mmoja, na mchoro unapoteza utamu wake. Kila mtu achague upande wake, lakini fanyeni kwanza hesabu ya msongamano. Gawanyeni dakika 3 katika vipande vya sekunde 15, mwandike kila mmoja ana alama ngapi katika kila kipande. Mkiona sekunde 90 hadi 105 wote mna alama na baadaye kuna nusu dakika tupu, mmoja ageuze karatasi. Hiyo si kuchakachua. Mtunzi amewaachia uamuzi huo, na mnaufanya macho yakiwa wazi.

Treatise ya Cornelius Cardew ni mlima mwingine. Mwingereza huyo, ambaye pia alikuwa mchoraji wa kazi za uchapishaji, aliiandika kati ya 1963 na 1967: kurasa 193 za duara, mistari iliyopinda, namba na alama za nota zilizovunjwavunjwa, bila neno moja la maelekezo. Mstari mmoja unapita katikati karibu kazi nzima, na chini ya kila ukurasa kuna mistari mitano mara mbili, mitupu, inayokusubiri uandike chochote au usiandike. Msijaribu kurasa 20. Kurasa 3, kila moja dakika moja, zinatosha mtihani. Mkubaliane mstari wa katikati ni nini: sauti moja inayoendelea, au kimya, au saa. Kisha sheria isiyovunjwa: alama ile ile, maana ile ile, toka mwanzo hadi mwisho. Kama duara ni mlio wa kengele ukurasa wa kwanza, haliwezi kuwa ngoma ukurasa wa tatu kwa sababu tu aliyeshika kengele yuko mbali. Kipimo chetu ni kidole. Mtu wa nje ya kikundi anashika ukurasa, anasikiliza, na kidole chake kinafuata. Kikipotea zaidi ya mara mbili kwa ukurasa, tafsiri yenu bado mbichi.

Kazi iliyofaa kuandikiwa kwaya

Cardew huyohuyo aliandika The Great Learning, kazi yenye aya saba, kati ya 1968 na 1971, akitumia maneno ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China. Wakati huo, mwaka 1969, yeye, Michael Parsons na Howard Skempton walianzisha Scratch Orchestra huko London, kundi lililochanganya wenye mafunzo na wasio nayo. Aya ya saba ni ya sauti tupu za watu wasiosomea uimbaji. Kwa maoni yetu, hakuna kazi ya muziki wa majaribio inayowafaa zaidi watu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu hapa kupata watu 24 wanaoweza kushika nota ni suala la kupita Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa parokia au usharika wowote.

Karatasi ni orodha ya mistari ya maneno, kila mmoja na namba. Namba 8 maana yake unaimba neno hilo mara nane kwa nota ile ile, kila mara kwa urefu wa pumzi moja, kisha unavuta pumzi na kurudia. Penye 9 na alama ya f2 pembeni, unaimba mara tisa na mara mbili kati ya hizo, zozote uzipendazo, ni kwa sauti kubwa; zilizobaki ni laini. Mistari mingine ni ya kuguna kwa midomo iliyofumbwa. Wote wanaanza pamoja kwa ishara ya kiongozi, kila mtu na nota aliyoichagua kimyakimya moyoni. Baada ya hapo kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake. Kwa mstari unaofuata unachukua nota unayoisikia kwa mwenzako, na huruhusiwi kurudia uliyotoka kuiimba. Ukihitaji, tembea mpaka usikie nota nyingine, lakini unatembea kati ya mstari na mstari tu. Ukianza kuimba unasimama. Kama huisikii nyingine, au zilizopo huziwezi, chagua yako kwa uhuru. Mstari wa mwisho unasemwa, hauimbwi: wote pamoja, kwa sauti ya chini, wakimfuata kiongozi, naye ana ruhusa ya kuuacha.

Soma tena hapo ujionee ujanja wake. Dakika ya kwanza kuna hadi nota 24 tofauti, ukumbi umejaa ukungu. Kwa kuwa kila mtu anachukua nota ya mwenzake, nota zinakufa moja moja, na baada ya muda ukumbi unabaki na chache zinazong'aa. Hakuna aliyeandika mwafaka huo popote. Umetokana na sheria.

Yanayoharibika ni ya kikwaya hasa. La kwanza ni mtu kubonyeza kinanda "watu wapate sauti" kabla ya kuanza. Hapo mmeshapoteza, maana wote wataanza kwenye familia ya nota moja na ukungu hautakuwepo. Kaeni kimya dakika nzima kabla ya ishara. La pili ni sauti kukaa kwa sauti: soprano wote kona moja, besi wote ukutani. Wapangeni mchanganyiko, hatua tatu kati ya mtu na mtu, viti vimeshatolewa nje. La tatu, nalo ndilo gumu, ni nota kuteleza. Mtu anaanza na nota yake, kufikia pumzi ya tano imeshavutwa na ya jirani bila yeye kujua, kwa sababu mwaka mzima amefundishwa kusikiliza na kuungana. Dawa ni programu ya simu ya kupimia sauti (tuner): mwimbaji anaimba pumzi nane peke yake, mwenzake anaandika mshale wa kipimo kwenye pumzi ya kwanza na ya nane. Kisha wanaimba wawili, nota zilizopakana, kila mmoja abaki kwake. Kisha wanne. Wiki mbili za zoezi hilo, dakika 15 kila kikao, zinatosha.

La nne ni viatu. Kila baada ya dakika mtu fulani anatembea, na sakafu ya saruji inasema. Ndala zinapiga makofi, soli ngumu zinagonga. Imbeni na soksi, ambazo Juni na Julai kila mtu anazo. La tano ni kiongozi mwenyewe. Mwalimu wa kwaya aliyezoea mikono hewani anashindwa kujizuia, anaanza kuonyesha watu nota, anamkunjia uso aliyebaki nyuma. Mpeni karatasi naye aimbe. Kazi yake ni ishara mbili tu: ya kuanza, na ya mstari wa mwisho, ambayo haitoi mpaka wote wamefika. Kuna watakaomaliza mapema kwa kuwa pumzi zao ni fupi. Wasimame kimya, wasiangalie saa.

Wengine huuliza kama maneno yatafsiriwe. Ugumu ni kwamba neno la Kiingereza la silabi moja linaloshikwa kwa pumzi nzima linatoa irabu moja ndefu, na Kiswahili mara nyingi kitakupa silabi tatu au nne za kugawanya. Inawezekana, lakini rangi ya sauti inabadilika sana. Sisi tungeacha maneno yalivyo, na tafsiri tuwape wasikilizaji kwenye karatasi ya programu.

In C ya Terry Riley, ya mwaka 1964, inahitaji maneno machache kwa sababu iko kwenye nota za kawaida: vipande vifupi 53, kila mpigaji anarudia kila kipande kadiri atakavyo kisha anasonga mbele. Kuna pigo la C za juu kwenye kinanda au marimba linaloshikilia kikundi. Tahadhari ni mbili. Msiachane zaidi ya vipande viwili au vitatu. Aliyekimbia akae akirudia mpaka wenzake wafike. Na msiikatishe. Mtunzi anategemea dakika 45 hadi saa moja na nusu. Kwa mtihani wa dakika 20 kila kipande kingepata kama sekunde 22, muda ambao hautoshi kupishana na mwenzako, na kupishana ndiko muziki wenyewe. Afadhali mcheze vipande 15 vizuri na mseme wazi kwamba ni sehemu. Anayesoma solfa anaweza kujiandikia vyote 53 kwa solfa, do ikiwa C, akikumbuka kwamba F iliyopandishwa inaandikwa fe na B iliyoshushwa inaandikwa ta. Mpiga tarumbeta ya B iliyoshushwa aandike kila kitu toni moja juu: C ya wenzake kwake ni D. Kipande cha 35 ndicho kirefu kuliko vyote, kifanyiwe mazoezi peke yake.

Zipo pia kazi za sentensi moja. La Monte Young mwaka 1960 aliandika nota mbili, B na F iliyopandishwa, pamoja na maelekezo kwamba zishikwe kwa muda mrefu. Basi. Kwa lugha yetu ni do na so, na kila mtu anadhani ameiweza. Wekeni kipimo cha sauti katikati ya duara, shikeni dakika 10, mtazame zinavyozama. Pumzi zipishane, mtu asivute pamoja na jirani yake. Na so ndiyo ichungwe kuliko do, kwa sababu ikishuka kidogo inaivuta do nayo, na hakuna atakayesikia kwamba nyumba nzima imehama.

Baridi, bati na simu

Vitabu vya muziki havina sura ya Julai ya Iringa. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzijoto sifuri, na inaongezeka takriban 0.6 kwa kila nyuzi moja. Ukumbi wa nyuzi 10 asubuhi na ule ule ukiwa na 25 mchana unatofautiana kiasi cha kuishusha filimbi au tarumbeta karibu nusu ya nusutoni kabla pumzi haijaipasha moto. Gitaa la nyuzi za chuma linakwenda kinyume: nyuzi zinajikaza kwa baridi na sauti inapanda. Mkisawazisha ala mara tu mnapoingia, baada ya robo saa mmeachana kutoka pande zote mbili. Pigeni kwanza, sawazisheni baadaye. Ngoma za ngozi nazo hulegea kwa unyevu; jua la saa nne linatosha, au moto mdogo wa majani makavu kwa mbali, ngoma ikizungushwa. Karibu na mkaa ngozi inapasuka.

Mvua ni jambo jingine. 4'33" ya John Cage, aliyoizindua mpiga piano David Tudor huko Woodstock tarehe 29 Agosti 1952 kwa kufunga na kufungua kifuniko cha piano, ina sehemu tatu za kimya: sekunde 33, dakika 2 na sekunde 40, dakika 1 na sekunde 20. Ukiipanga Tukuyu mwezi wa nne chini ya bati, utapata ngoma ya bure. Kwa kazi hiyo ni sawa. Kwa Feldman ni msiba, kwa kuwa anataka sauti laini mno, na bati likinyeshewa hata tarumbeta linapotea. Kazi laini zipangeni asubuhi, au zisubiri kiangazi.

Umeme ukikatika, kinanda kinanyamaza na simu zinabaki. Simu ndizo saa za vikundi vingi, na zina tabia zake. Zizimeni mtandao, maana mama akipiga katikati ya kazi saa inafunikwa. Ongezeni muda wa kioo kuzima. Bonyezeni kwa pamoja kwa kuhesabiwa. Tofauti ya nusu sekunde inavumilika kwenye kazi ya sekunde 5 kwa sentimita. Njia ya zamani ni nzuri zaidi: mtu mmoja awe saa. Kwenye Concert for Piano and Orchestra ya Cage, ya 1957 hadi 1958, kiongozi hafanyi kazi nyingine, mikono yake ni mishale. Kwenu mzunguko mmoja wa mkono uwe dakika moja, polepole, bila kusita juu kabisa. Mfanyie zoezi huyo mtu mbele ya saa ya ukutani, kwa sababu karibu wote huharakisha robo ya pili, mkono unaposhuka na uzito wake.

Kurekodi kwa simu kuna mtego. Simu nyingi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo mstari wa milimita 1 na ule wa milimita 4 vinasikika sawa, halafu mnalaumiana. Tafuteni programu inayokubali kuzimwa hilo, weka simu mita 3 mbele ya kikundi, juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu.

Mwisho wa muhula kila mmoja huandika kazi yake mwenyewe, na hapo tunaona makosa yaleyale. Karatasi ya ufunguo, yaani maelezo ya alama, yenye kurasa nne. Alama 30 ambazo hakuna anayezikumbuka. Rangi nyekundu na kijani zinazogeuka kijivu kimoja kwenye fotokopi. Alama sita zinatosha kwa kazi ya dakika 5, ufunguo usizidi nusu ukurasa, na tofauti zionekane mtu akiwa amesimama mita moja kutoka kwenye stendi: mistari ya nusu milimita, milimita 1 na nusu, na milimita 4. Usiandike "sauti kubwa" bila kusema kubwa ya nani. Ligombo la Wahehe, ubao uliochimbwa kama hori dogo na uzi mmoja uliopitishwa huku na huko juu yake, likipigwa kwa nguvu zote bado ni laini kuliko tarumbeta linalonong'ona. Andika "kubwa kwa kadiri ya ala yako" au andika nani amzidi nani.

Angalia pia mikwamo. Christian Wolff, katika For 1, 2 or 3 People ya mwaka 1964, aliweka alama zinazomfanya mpigaji aanze au amalize kulingana na sauti ya mwenzake. Wanafunzi huiga wakaandika: A aanze baada ya B, B aanze baada ya A. Kwa adabu zetu watu watakaa wakipishana mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka ukumbi ufungwe. Weka sauti moja ambayo haimsubiri mtu.

Kisha mpe kazi yako kikundi ambacho wewe haumo, toka nje ya chumba, wafanye mazoezi dakika 40 bila kukuuliza. Kila mahali walipokwama ni neno linalokosekana kwenye ufunguo; kila mahali walipopiga jambo usilolitarajia lakini karatasi inaliruhusu, ama uliache kwa furaha au ulibane.

Siku ya onyesho chukueni vibanio vya nguo, nane kwa kila stendi mbili, kwa kuwa madirisha ya kumbi zetu hayafungi yote na A3 inaruka kama tiara. Na kabla ya kukusanya nakala, kila mpigaji achore mshale mdogo wa penseli kwenye kona, kuelekea upande uliokuwa juu, pamoja na tarehe na sekunde kwa sentimita. Nakala za December 1952 zikirudi kabatini bila mshale, mwakani hakuna atakayejua mlipiga nini.